Gari Lilipochemsha Njia ya Mbaga

Watu wa mtaani kwangu hapa Same huijua Land Rover yangu kwa mlio kabla hawajaiona. Niliinunua mnadani mwaka 1994, ikiwa tayari na miaka kumi na minane, nami nikiwa mwalimu mkuu mwenye mshahara ambao sitautaja hapa kwa kuwahurumia wasomaji vijana. Ni ile ndefu, 109, Siriizi ya Tatu, na ilikuja na injini ya petroli ya lita mbili na robo. Kwa robo karne ilibeba mahindi, madawati, tangawizi ya Mamba, wagonjwa, na bibi harusi mmoja aliyelia kutoka mlimani mpaka kanisani.

Mwaka 2019 injini ile ilichoka kabisa. Nilitoa sehemu ya akiba yangu, mama watoto akinung'unika, nikanunua injini ya dizeli iliyotoka katika Toyota Hilux, ile waiitayo 3L, ya lita 2.8. Wapo watakaosema ni dhambi kumtia Mwingereza moyo wa Kijapani. Huku kwetu ni jambo la kawaida, na sababu yake ni spea. Pampu ya maji ya Hilux utaipata Moshi, utaipata Arusha, na ukiikosa kote huko utaagiza Gerezani, Dar es Salaam, ikupandie basi la jioni.

Fundi niliyempa kazi alikuwa mwanafunzi wangu. Hakufaulu mtihani wa darasa la saba, na siku matokeo yalipobandikwa nilimwambia baba yake, mtoto mwenyewe akisikia, kwamba pale hapana kitu. Mimi nilikwisha sahau. Kijana hakuwahi kunikumbusha hata siku moja; mama yake ndiye aliyenikumbusha, sokoni, kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi.

Injini ilikaa vizuri. Ugomvi wetu ulikuja kwenye kupoza maji. Fundi alisema rejeta ya zamani haitatosha, kwamba inahitajika nene zaidi, ya shaba, na kwamba feni lazima izungushiwe kava la bati. Nilimjibu kwa hesabu. Karibu theluthi moja ya joto la mafuta huingia katika maji ya injini, nikamwambia, na dizeli hutumia mafuta vizuri zaidi kuliko petroli, kwa hiyo humwaga joto pungufu. Rejeta iliyopoza petroli miaka arobaini itashindwaje? Akanisikiliza akiwa ameshika spana.

"Sawa, Mwalimu. Lakini feni iko mbali."

Injini mpya ilikuwa imekaa nyuma kidogo, na kati ya feni na rejeta pakabaki nafasi ya shubiri nzima. Niliona ni jambo dogo. Rejeta mpya ilikuwa na bei, na mimi nilikwisha tumia zaidi ya nilivyomwahidi mama watoto. Tukajaribu gari kwenda Mwanga na kurudi, barabara ya lami, na mshale wa geji haukupita katikati. Nikamtazama fundi kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto waliobisha jibu lililoko nyuma ya kitabu.

Mwezi Februari 2020 alifariki Dar es Salaam mwalimu mwenzangu, ambaye tulisoma naye Chuo cha Ualimu Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwao ni Mbaga. Tuliwahi kuahidiana, kwa mzaha wa vijana, kwamba atakayebaki atamfikisha mwenzake nyumbani. Gari lililoleta mwili lilifika Same saa sita mchana, na dereva wake alipoambiwa habari za njia ya mlimani alitikisa kichwa. Nikasema gari lipo. Tukapakia jeneza, wakapanda wanaume wanane, tukachepuka barabara kuu kusini kidogo mwa mji, tukashika njia ya Mwembe.

Baada ya Mwembe mlima ukaanza kweli. Gia ya kwanza, gia ya pili, ya kwanza tena. Ukienda mwendo wa kilometa 80 kwenye lami, upepo wa safari wenyewe unapita katika rejeta, na feni ni kama haina kazi. Ukipanda polepole kama mtu mwenye mzigo, upepo haupo. Kila kitu kinaitegemea feni. Na feni iliyo shubiri moja nyuma, isiyo na kava, huvuta hewa ya moto inayozunguka ubavuni mwake na kuirudisha pale pale. Haya niliyaelewa vizuri sana, mshale ukiwa kwenye nyekundu na mvuke ukitoka chini ya boneti.

Lililofuata ndilo linaloniuma. Vijana walisema tungoje injini ipoe. Nilitazama jua, nikawaza kaburi lililo wazi na watu waliosimama tangu asubuhi, nikachukua dumu nikamwagia injini maji baridi. Mimi, niliyefundisha kwa miaka mingi kwamba glasi yenye moto ikimwagiwa maji baridi hupasuka! Silinda hedi ilipata ufa. Jeneza likashushwa, likabebwa mabegani sehemu yote iliyobaki. Mimi nilifuata nyuma, na magoti yangu yakinichelewesha, hata nikafika wakati udongo umeshaanza kutiwa. Mjane hakunilaumu. Alinipa maji ya kunywa.

Gari lilivutwa hadi gereji siku ya tatu. Fundi alifungua boneti, akatazama, akafunga. Nilimngoja aseme neno. Alisema, "Mwalimu, kaa kivulini kwanza."

Safari hii nilimwachia achague, ila kwa mambo mawili. Rejeta aliipeleka Moshi ikatiwa sega jipya la shaba la safu nne, matangi yakiwa yale yale ya zamani. Nilikuwa nimemtajia zile za alumini zenye matangi ya plastiki, nyepesi na za bei ndogo. Akaniuliza ikipasuka huko juu nani ataichomelea. Ya shaba, mwenye risasi na moto huiziba popote. Feni alitengenezewa kipande cha chuma cha kuisogeza mbele, na kava la bati likaizunguka pande zote, likiacha upenyo wa kidole. Mipira miwili ilikatwa na kuungwa kwa bomba la chuma, maana milango ya maji ya Toyota haielekei iliko ile ya Land Rover.

La kwanza nililomkatalia ni thamostati. Alitaka kuitoa, kama wafanyavyo mafundi wengi wa joto letu. Nilimwambia injini nyingi za Kijapani zina njia ya mkato ya maji ambayo thamostati hiyo hiyo huifunga ikipata moto. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka ndani bila kuiona rejeta. Hakuamini. Tuliitia katika sufuria ya mama watoto, na kipimajoto, juu ya jiko la mkaa. Ilikuwa imepigwa chapa ya 82, na karibu na hapo tukaiona ikifumbua mdomo polepole. Fundi alicheka kama mtoto. Sufuria ilinigharimu maneno mengi.

La pili ni kifuniko. Cha zamani kilikuwa cha ratili 9, nikataka cha 13. Kila upandapo mita 300 maji huchemka karibu digrii moja chini, hata juu ya Shengena, mita 2,462, yangechemka kwenye 92 hivi. Kifuniko chenye springi ngumu hukirudisha kiwango hicho juu, kupita 110. Alihofia risasi ya matangi ya zamani. Akayapima kwa pampu ya upepo ndani ya pipa la maji, hayakutoa povu, akakubali. Hesabu ile aliomba nimwandikie kwa chaki ukutani mwa gereji. Ningali naiona kila nipitapo, ingawa tarakimu zimeanza kufifia. Maji ya kisima changu huacha ukoko mweupe kwenye birika, kwa hiyo rejeta tuliijaza maji ya mvua na kulanti.

Mwaka mmoja baadaye ilifanyika ibada ya kumbukumbu ya rafiki yangu. Fundi alisema atanisindikiza. Tuliondoka saa sita mchana, jua la Same likiwa juu ya vichwa, na nyuma tulipakia wanaume, mchele na viti vya kukodi. Sikuongea. Tulipofika pale liliposhushwa jeneza nilisimamisha gari bila kuombwa, injini ikinguruma. Fundi alishuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya mpira wa chini wa rejeta, akakaa nacho hapo muda mrefu.

"Vuguvugu tu," akasema. "Twende, baba, wanatungoja."

Ilikuwa mara ya kwanza kutoniita Mwalimu. Nikatia gia ya kwanza.