Kuku wa mama na neno 'kesho'

Mpenzi msomaji, ukiwa Dar es Salaam ukasema kwenu ni Singida, swali la kwanza utakaloulizwa ni kuku. "Umetuletea kuku?" Hata kama unatoka msibani, utaulizwa tu. Mimi nilishazoea, nikawa nacheka nao. Lakini tangu nirudi kutoka nyumbani mwishoni mwa Juni, nikiulizwa swali hilo huwa nageuza mazungumzo. Ngoja nikupe kisa chenyewe.

Safari siku hizi si ile ya kuteseka. Treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inakufikisha pale kabla hujamaliza kusinzia. Ukishuka unadaka basi: Bahi, Kintinku, unapanda mlima wa Saranda, Manyoni, halafu Ikungi. Kutoka Dodoma hadi Singida mjini ni kilomita kama 240, lami tupu. Mimi nashukia wilaya ya Ikungi, kwenye kijiji cha wazee wangu.

Nilifika Jumamosi jioni. Juni kwetu ni mwezi wa upepo, tena upepo wenye ubaridi unaopenya hadi kwenye mifupa. Alizeti ilikuwa imeshakauka, kila uani watu wanapura kwa fimbo, makapi yanaruka hadi kwenye chai. Mama akanipokea begi, mzee akaniuliza habari za Dar kana kwamba Dar nzima ni mtaa wangu. Kuku walikuwa kila mahali. Nilipowahesabu jioni wakiingia jikoni kulala, walikuwa 41, vifaranga sikuwatia hesabuni.

"Hao ndio bweni la mwanao," mama akaniambia.

Mwanangu aliyemsema ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada, ambaye mama amemlea tangu akiwa mdogo. Alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa tangu mwaka 2022, sawa, lakini ada haikuwa godoro wala tranka, wala sare, shuka, ndoo na nauli. Mama alikuwa na mpango wake: kuku 20 waende mnadani Alhamisi, shughuli iishe. "Wewe leta nauli yako ya kurudi tu," akasema, na uso umejaa majivuno. Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nimesoma kwa kuku hao hao, ingawa mzee mpaka leo anasema ni kwa ng'ombe wake.

Jumapili ilipita kwa kanisa na wageni. Jumatatu nikaenda mjini na binti kuulizia bei za vitu. Singida mjini ni mji wa mawe, bwana. Kuna majabali yamekaa kama yalipangwa na mtu mwenye nguvu halafu akaondoka bila kuaga. Halafu kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, mji umekaa katikati yake. Maji ya Singidani ni ya chumvi, lakini ukibahatika utawaona heroe wamesimama kwa mguu mmoja, waridi tupu. Binti akasimama kuwaangalia. "Mjomba, huko niendako kuna ziwa?" Nikamwambia sijui. Akanyamaza. Hajawahi kulala nje ya nyumba ya bibi yake. Bei tukaziandika kwenye daftari, tukarudi bila kununua kitu. Tulikuwa tunasubiri kuku.

Jumanne asubuhi kasheshe ikaanza. Tetea mmoja aligoma kutoka jikoni. Alikuwa amezubaa, mabawa yamelegea, anahara kijani. Mama akamwinua, akamtazama macho, akamrudisha chini taratibu. Hakuniangalia.

"Kideri," akasema. Halafu, kwa sauti ile ile: "Ile hela ya dawa ya macho, baba, haikupatikana?"

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Mwezi wa nne alinipigia simu. Mtaalamu wa chanjo alikuwa anapita kijijini, majirani wanachangishana kununua chupa, maana chupa moja inatosha kuku wengi, kila mmoja tone moja jichoni. Mama alikuwa hana hela siku hiyo na matetea yake mengi yalikuwa yanaatamia, hakutaka kuuza. Mchango wenyewe haufiki bei ya chakula cha mchana hotelini kwangu mjini. Nikamwambia, "Kesho mama, natuma." Kesho yake nikasahau. Yeye hakupiga tena, wala hakuazima kwa jirani. Mwanaye alishasema kesho. Chanjo ikapita nyumba ya kushoto na nyumba ya kulia, ya kwetu ikarukwa.

Kideri hakina dawa, kina kinga tu. Kikishaingia, utabaki kutazama. Hadi Jumatano asubuhi walikuwa wamekufa 13, wengine shingo zimepinda, wanazunguka kama walevi. Mzee hakusema neno, alichukua jembe akaanza kuchimba shimo.

Saa nne akaja mchuuzi na pikipiki, matenga mawili nyuma. Sijui nani alimpa habari. Akawaangalia wale waliokuwa bado wanatembea, akataja bei ya kutupa, chini ya nusu. Akatoa noti, akazishika mkononi tuzione. Mimi nikasema tuuze. Mzee akasema tuuze, bora nusu hasara kuliko hasara nzima. Na nikupe ukweli, wengi hufanya hivyo, ndiyo maana ugonjwa huu hutembea na barabara.

Mama akamuuliza mchuuzi, "Hao utawachanganya na kuku wa nani?"

Jamaa akacheka. "Mama nawe, kuku ni kuku."

"Basi wa kwangu hawaendi. Kuna mwenzangu naye anasomeshea hao."

Nikamvuta pembeni, nikamkumbusha godoro na tranka. Akaniambia nisimfundishe hesabu za nyumba yake. Mchuuzi akawasha pikipiki, akaondoka na noti zake. Jioni tuliwachoma na kuwafukia wengine. Binti alikuwa anabeba ndoo ya majivu, analia kimya kimya. Sijui alikuwa analilia kuku au shule.

Alhamisi tulikwenda mnadani na magunia mawili ya alizeti. Kwa asiyejua, alizeti ile ilikuwa ya kukamua mafuta ya nyumbani ya mwaka mzima, na mashudu yake ndiyo chakula cha kuku na nguruwe. Msimu wa mavuno kila mtu anauza, kwa hiyo bei inakuwa chini. Mwenye kuweza kusubiri hupata zaidi. Sisi hatukuweza kusubiri. Pembeni nyama za mbuzi zinachomwa, muziki unapigwa, watu wanafurahi. Mimi nilishika gunia langu kama mtu aliyeshika mzoga.

Hela haikutosha. Nikatoa niliyokuwa nayo yote, nikamwambia mama achukue, mimi nalipia kila kitu. Akahesabu, akachukua ya tranka na sare, nyingine akanirudishia.

"Godoro nimenunua mimi kwa alizeti yangu. Wewe bado una deni lako."

"Deni gani, mama?"

"La dawa."

Ijumaa usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda. Kuku waliobaki walikuwa sita. Binti alichukua chaki, akaandika nyuma ya mlango wa jikoni tarehe za chanjo, kila baada ya miezi mitatu, hadi mwakani. Pembeni yake akaandika namba yangu ya simu, kubwa kuliko tarehe zenyewe. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumamosi nilipanda basi mikono mitupu. Kondakta akanitania, "Mzee, unatoka Singida bila kuku?" Abiria wakacheka, nami nikacheka nao, la sivyo ningefanyaje?

Binti yuko shule sasa. Juzi chupa mpya ilinunuliwa, safari hii hela ilifika kabla mama hajapiga simu. Anasema tetea mmoja kati ya wale sita ameanza kuatamia.

Nawe msomaji, kama kuna mtu kijijini ulimwambia "kesho", gazeti hili liweke chini kwanza. Utalimalizia baadaye. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.