Nyota si nyota: alama za kompyuta zinapomvunja moyo mtoto

Mtoto anayesema "sielewi" anaweza kusaidiwa jioni hiyohiyo. Anayesema "mimi sina akili za hayo" ameshajifungia mlango, na mzazi asipokuwa makini humsaidia kuukaza kwa kukubaliana naye.

Mtoto wa dada yangu alisema maneno hayo likizo iliyopita. Ana miaka 12, yuko darasa la sita, na hesabu ndilo somo analojivunia. Wazazi wake walimlipia mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Python. Wiki ya pili akagoma kwenda. Shemeji yangu alikuwa ameshakata shauri kwamba pesa iliyobaki irudishwe, mtoto apelekwe tuisheni ya Kiingereza. Dada akaniomba nikae naye kwanza. Mimi naandika habari za afya, si mtaalamu wa kompyuta, ila chuoni tulifundishwa kuchambua takwimu kwa lugha hiyohiyo, kwa hiyo kuisoma naweza.

"Mamdogo, hesabu za kule ni za uongo," aliniambia, akafungua daftari. Juu palikuwa na 7 * 8. Chini yake x = x + 1.

Nikamuuliza uongo uko wapi. "Nyota siyo alama ya kuzidisha. Na hakuna namba inayolingana na yenyewe ukiiongeza moja. Nilimuuliza mwalimu, akasema nikariri tu."

Mtoto huyu hakukosa akili. Alikuwa amezisoma alama kama alivyofundishwa shuleni, akaona hazikubaliani, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Sababu yenyewe inaanzia mbali. Alama ya × ilichapishwa na Mwingereza William Oughtred mwaka 1631. Alama ya = ilianzishwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, kwa kuwa alichoka kurudia kuandika maneno ya "ni sawa na". Watu hao waliandika kwa kalamu, na kalamu huchora chochote mkono unachotaka.

Mashine haina uhuru huo. Kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957, programu ziliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye kadi za karatasi ngumu. Mashine ya kutobolea ilikuwa na herufi kubwa, tarakimu na alama chache tu. Alama ya × haikuwamo. Herufi X nayo isingefaa, kwa sababu kompyuta isingejua kama ni alama au ni jina la kitu. Kinyota kilikuwamo, kikapewa kazi ya kuzidisha. Mpaka leo mtoto wako akibonyeza nyota, anafuata uamuzi uliofanywa kwa ajili ya kadi za matundu.

Alama ya = nayo ilibadilishiwa kazi. Katika FORTRAN, na katika lugha nyingi zilizofuata ikiwemo Python, haisemi kwamba pande mbili zinalingana. Ni amri: chukua kilicho kulia, ukakiweke ndani ya jina lililo kushoto. Unapotaka kuuliza kama vitu viwili vinalingana, unaandika == mara mbili.

Nilichukua kopo tupu la majani ya chai, nikabandika karatasi iliyoandikwa x, nikatia punje nne za maharage. Nikamwambia atekeleze x = x + 1. Akamwaga punje, akazihesabu, akaongeza moja, akazirudisha koponi. "Kwa hiyo sasa x ni tano?" Ndiyo. "Mbona hawakusema ni kopo?"

Kisha akanionesha kosa jingine lililomliza. Walipewa zoezi la kuandika majina ya wanyama wa kufugwa, kila jina ndani ya alama za kunukuu moja moja. Mbuzi alikubali. Kuku akakubali. Alipoandika 'ng'ombe', kompyuta ikakataa, na wenzake wakacheka kwamba hata ng'ombe kamshinda. Hakukosea tahajia. Kompyuta ilipoona ile alama ya juu katikati ya ng', ilidhani jina limeishia hapo, ikabaki inashangaa ombe ni nini. Dawa yake ni kuzungushia jina alama za kunukuu mbili mbili, "ng'ombe", kisha kila kitu kinakwenda sawa. Kiswahili chetu kina bahati, maana karibu chote kinaandikika kwa kibodi ya kawaida, na hiyo ng' ndiyo mahali pekee tunapoazima alama. Hapohapo ndipo mtoto alipokwama.

Wapo waliofikiri kwamba dawa ni kuwa na alama maalumu, kila kazi na alama yake. Kenneth Iverson, Mkanada aliyefundisha Harvard, alibuni utaratibu wake wa alama akautoa kwenye kitabu mwaka 1962. Baadaye, akiwa IBM, ukageuzwa kuwa lugha ya kompyuta inayoitwa APL. Ndani yake kuzidisha ni × na kugawanya ni ÷, kama shuleni. Kuweka kitu ndani ya jina ni mshale unaoelekea kushoto, ←. Duara lenye mstari wima katikati hugeuza orodha nzima, wa mwisho akawa wa kwanza. Mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, na katika mhadhara wake alieleza jinsi alama nzuri zinavyomsaidia mtu kufikiri.

Kwa hilo nakubaliana naye. Mtoto wetu angepewa mshale badala ya =, asingekuwa na ugomvi na mtu. Mshale unaonekana wazi kwamba kitu kinakwenda mahali.

Lakini alama hizo zilidai kibodi yake na kichwa chake cha kuchapia. Asiyekuwa navyo alibaki nje. Mwaka 1990 Iverson mwenyewe, pamoja na Roger Hui, alitoa lugha nyingine iitwayo J, inayoandikwa kwa herufi na alama za kibodi ya kawaida.

Nikiangalia kompyuta ya kuazima aliyokuwa anatumia kijana wetu, yenye vitufe viwili vilivyong'oka, nasimama upande wa kibodi ya kawaida. Inamruhusu mtoto yeyote kuingia. Ila kuingia si kuelewa. Alama moja ikipewa kazi mbili, ni lazima mtu amweleze mtoto kazi ya pili. "Kariri tu" haitoshi.

Katika kazi yangu ya habari za afya jambo hili hugusa mwili wa mtu. Mikrogramu huandikwa µg, kwa herufi ya Kigiriki. Mkono ukiandika haraka, µ husomeka kama m, na µg ikageuka mg, yaani miligramu, ambayo ni mara 1,000 zaidi. Ndiyo maana ISMP, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa matumizi ya dawa, inashauri iandikwe mcg, herufi tatu za kawaida ambazo hazifanani na mg. Hapo kibodi ya kawaida imeishinda alama maalumu.

Bahasha zetu za dawa zinaonesha upande wa pili. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi la zahanati, mtoto wake akiwa na homa, alinionesha bahasha iliyoandikwa 2x3. "Ni sita kwa mpigo?" Aliyeiandika alimaanisha vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Herufi x ni ya kawaida kabisa, inaandikwa na kila mkono, lakini shuleni tulifundishwa kwamba mbili mara tatu ni sita. Jibu la hesabu ni sahihi, na akimpa mtoto vyote sita kwa wakati mmoja amemzidishia dozi. Yule mama alirudi dirishani kuuliza, akaandikiwa kwa maneno.

Kijana wetu naye alirudi darasani Jumatatu. Shemeji amekubali amalize likizo, baada ya hapo wataamua pamoja naye.

Ukiwa na mtoto anayejifunza kuandika programu, huhitaji kuijua kompyuta ili umsaidie. Mwambie akusomee mstari kwa sauti, kwa Kiswahili, akitaja kazi ya kila alama badala ya jina lake. Asiseme "x sawa na x jumlisha moja". Aseme "chukua iliyomo kwenye x, ongeza moja, rudisha kwenye x". Anapokwama kusema, hapo ndipo pa kumuuliza mwalimu, na mwalimu ana wajibu wa kujibu.

Akinakili mistari kutoka kwenye simu na kompyuta ikaikataa, aangalie alama za kunukuu. Simu nyingi huzipinda zenyewe ili zipendeze, na Python inazitambua zilizonyooka tu.

Na ukipewa dawa ya mtoto, usiondoke dirishani na bahasha yenye namba na x peke yake. Omba iandikwe kwa maneno vidonge vingapi au mililita ngapi kwa mara moja, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Kisha msomee aliyekupa, akusikie.