Nyumba Iliyokwisha Kunyeshewa

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Zamu yetu watumishi kuhama ilifika mwaka 2017, na akiba yetu yote ilitosha nyumba moja tu. Ya kwanza ilikuwa mpya, imemalizwa kiangazi, bado yanukia rangi. Ya pili ilikuwa kuukuu: matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, mwarobaini uani. Mwenzetu wa nyumbani aliipenda mpya, nasi pia, maana washairi hudanganywa upesi na rangi.

Tukamwita mzee mmoja Mgogo, mzaliwa wa tembe. Aliizunguka ile mpya kimya, kisha akauliza, "Wanangu, hii imenyeshewa masika mangapi?" Paa la tembe, alisema, ni udongo juu ya boriti; hukandikwa upya kabla ya mvua, hata mwenyewe akapajua kila panapovuja. Akafukua kwa bakora kando ya msingi: udongo mweusi wa mbugani, ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na ukuta huufuata.

Mwenye ile kuukuu alituonyesha, bila kuulizwa, pembe inayovuja. Tukainunua. Desemba ikavuja pale pale, ndoo ikiwa tayari.