Siku Zambarau Ilipokataa

Kwa miaka 28 nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Kazi ilianza kabla kengele ya asubuhi haijalia: kuosha testi tyubu, kuchanganya kemikali, kisha kupasua mayai, kutenga ute na kiini, na kuuzimua ute kwa maji. Hiyo ndiyo sampuli niliyoiamini kuliko zote siku ya kupima protini.

Tulitumia jaribio la Biureti. Unatia mililita 2 za sampuli, unaongeza hidroksidi ya sodiamu kiasi hichohicho, halafu unadondosha mrututu wa asilimia 1, tone baada ya tone, huku ukitikisa. Penye protini, buluu hugeuka zambarau. Ioni za shaba zitokazo kwenye mrututu huwa zimeshikwa na nitrojeni za vifungo vya peptidi, vile vinavyozifunga asidi amino zikawa mnyororo. Asidi amino iliyo peke yake haitoi zambarau hiyo. Chuoni tuliipima kwa ninhidrini na moto, nami niliwahi kuishika kemikali hiyo bila glavu. Vidole vyangu vilibaki na madoa ya zambarau kwa siku kadhaa, kwani jasho la binadamu nalo lina asidi amino. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii: kitu kisichoonekana kinaitwa kwa rangi, nacho kinaitika.

Masika ya mwaka mmoja, hakikuitika. Darasa lilikuwa na wanafunzi wapatao 40. Nikapita mezani nikisoma madaftari, na kwenye safu ya kilichoonekana wote wameandika zambarau, ila binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha.

"Mwalimu, yangu ni buluu, tena ina ukungu," alisema kwa sauti ya chini.

Wenzake wakacheka. Nami, badala ya kuitazama testi tyubu yake, nikamwambia aongeze mrututu. Lilikuwa kosa juu ya kosa, maana mrututu ukizidi, buluu yake huifunika zambarau hata pale ilipo. Aliongeza kwa utii, buluu ikakolea. Ndipo nikainua testi tyubu za wengine, moja moja, kwenye mwanga. Zote zilikuwa buluu. Waliandika zambarau kwa sababu kitabu kilisema zambarau.

Jioni nilibaki peke yangu. Nikaanza na mayai, yalikuwa mazima. Nikaufuata mrututu, ulikuwa sawa. Mwisho nikafungua chupa ya hidroksidi ya sodiamu. Kifuniko kilikuwa kimelegea, punje zimegandamana, na juu kuna ukoko mweupe. Nikaudondoshea asidi, ukatoa povu. Hewa yenye unyevu ilikuwa imeingia pamoja na kaboni dayoksaidi yake, na dawa yetu ilikuwa ikigeuka magadi. Nikachanganya nyingine kutoka chupa mpya, na kwa ute uleule zambarau ikaja.

Kesho yake niliwaomba radhi darasa zima, na yule binti kwa namna ya pekee. Kisha nikawasimulia habari ya Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge, Uingereza. Wanafunzi wake walikuwa wakifanya jaribio la Adamkiewicz, ambamo protini huchanganywa na asidi ya asetiki na asidi ya salfuriki mpaka itokee rangi ya zambarau. Rangi ikakataa. Hopkins hakuwaambia waandike kilichotarajiwa. Aliifuatilia ile asidi ya asetiki, akagundua kwamba rangi haikuwa kazi yake bali ya uchafu uliokuwamo katika baadhi ya chupa, yaani asidi ya glaioksili. Kwa njia hiyo, mwaka 1901, yeye na Sydney Cole wakaitenga triptofani, asidi amino ambayo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Lau wanafunzi wale wangeandika zambarau wasiyoiona, Hopkins asingekuwa na swali la kufuatilia.

Binti alisikiliza akiwa ameinamia daftari lake. Nilipopita, niliona hakulifuta neno buluu. Chini yake alikuwa ameongeza tarehe na maneno mawili: dawa imeharibika.

Tangu wiki ile, hadi siku niliyokabidhi funguo za maabara, vitabu vyote vilifungwa na kuwekwa chini ya meza mpaka safu ya kilichoonekana iwe imejazwa.