Madigadi ya Kushoto

Kwetu Kasikeu chuma hakiozi upesi. Mvua ni ya kuhesabika, jua halina huruma, na jembe lililosahauliwa shambani msimu mmoja utalikuta msimu wa pili limepauka tu, makali bado yapo. Nilikua nikidhani hilo ni sehemu ya umaskini wetu. Faida yake niliijua nikiwa na miaka 53, chini ya mwembe, mbele ya kuku aliyeatamia.

Nilizaliwa mwaka 1958. Baba alikuwa kibarua wa reli Sultan Hamud, na mjomba wangu alikuwa mchongaji. Ukambani uchongaji wa kuuza ulienea kutoka Wamunyu, baada ya Mutisya Munge kurudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi aliouona kwa Wazaramo wa Tanganyika. Mjomba alikuwa wa kizazi kilichofuata. Nikiwa na miaka tisa alinipa tezo, nikachonga twiga ambaye jirani alidhani ni mbuzi. Mjomba alimgeuza-geuza mkononi. "Umeangalia shingo," akasema, "hukuangalia mabega. Shingo hutoka mabegani."

Mwaka 1976 nilipanda basi kwenda Nairobi, nikapokewa katika karakana ya Kalasinga mmoja huko Industrial Area. Mwaka wa kwanza sikushika nyundo. Nilipiga msasa mpaka alama za vidole zikafutika. Mzee yule alikuwa hakagui kazi kwa kuitazama. Alitandika kitambaa laini juu ya bati, akapitisha kiganja polepole, macho yakiangalia kwingine. "Kijana, macho nadanganya," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Weka mkono." Mpaka leo nikitaka kujua kama mlango umenyooka, hufumba macho.

Mzee alipohamia Uingereza kwa watoto wake, nilirithi nyundo tatu na doli mbili, vile vipande vya chuma vinavyoshikiliwa upande wa pili wa bati unapopiga. Nikahamia Grogan, ambayo kwenye ramani ni Kirinyaga Road, kisha Kariobangi. Tuliitwa jua kali kwa sababu paa letu lilikuwa mbingu. Kazi kubwa ilikuwa matatu, na matatu haingoji: inagongwa Jumatatu, Jumatano inataka kuwa barabarani. Basi ulivuta bonde kidogo, ukajaza fila, ule uji mzito unaokauka na kuziba bonde, ukapiga rangi, ukalipwa. Sisemi kwamba wengine ndio waliofanya hivyo. Nilifanya miaka kumi na mingapi sijui.

Magari ya kale yalinijia miaka ya tisini. Kuna watu Nairobi wanaoyapenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe, na kila mwaka huyapeleka kushindana kwa urembo kwenye uwanja wa farasi wa Ngong Road, katika mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970. Tatizo lao ni moja: injini hupatikana, lakini bodi haipatikani. Kuagiza madigadi kutoka Ulaya ni bei ya kitu, nauli ya meli, ushuru, halafu ikifika unaweza kukuta imekunjika ndani ya sanduku. Ndipo mtu alipoanza kuniuliza, "Fundi, huwezi kuitengeneza?"

Nilianza na Land Rover, kwa kuwa ni rafiki wa fundi. Ilipozaliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ikavishwa aluminiamu, tena sehemu kubwa bapa. Aluminiamu ukiipiga sana hukakamaa na kupasuka. Lazima uilainishe kwa moto, lakini haiwi nyekundu kukuonya kabla haijayeyuka. Dawa ni sabuni ya kipande. Chora mstari wa sabuni juu yake, pitisha moto wa gesi, na mstari ukigeuka mweusi, acha hapo hapo. Sijui chombo cha kupimia joto kilicho rahisi kuliko hicho.

Chuma kina tabia nyingine. Nachukua bati jeusi la geji 20, lisilo na zinki, maana moshi wa zinki utakulaza na homa, hata unywe maziwa kiasi gani. Nakata vipimo vya kadibodi kutoka upande mzima wa gari, navigeuza, kisha nachonga umbo lenyewe kwa gogo la mukau na kulipigia bati juu yake. Hapo ndipo tezo la mjomba linapoingia. Bati likipigwa hutanuka, na likitanuka kupita kiasi hubonyea na kurudi kama kifuniko cha mkebe. Ukiona hivyo unalipasha nukta ndogo, upana wa sarafu, mpaka iwe nyekundu, unaigonga kuzunguka, halafu unaibandika kitambaa chenye maji. Linalia tsss, linanywea. Nukta moja baada ya nyingine, mpaka bati litulie.

Mwaka 2011 mteja aliniletea Peugeot 404. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa gari hilo. Pininfarina alilichora, likatoka mwaka 1960, na katika Safari Rally lilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara ya kwanza na ya mwisho alikuwa Nick Nowicki, na katika miaka hiyo yote miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Gari la mteja wangu halikuwa la mashindano. Lilikuwa limeishi Mombasa, na chumvi ilikuwa imeila madigadi ya kushoto ikabaki kama lesi. Ya kulia ilikuwa nzima, inang'aa.

Niliinakili ile ya kulia kwa wiki sita. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Siku ya kufunga, mlango ukakataa. Juu, kidole kilipita kati yake na madigadi. Chini, hata ukucha haukupita. Taa ya mbele ilikuwa imekengeuka kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Nilikata, nikachomelea, nikapasha, siku tatu. Siku ya nne nikakumbuka mabega ya twiga. Nilifunga uzi katikati ya gari kutoka mbele hadi nyuma na kupima pande zote mbili. Iliyokosea ilikuwa ya kulia, kwa milimita nane.

Nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaibandika nyuma ya taa ya kulia. Ikaanguka. Nilikwangua rangi nikakuta fila nene kama chapati. Zamani gari liligongwa, fundi fulani akavuta bonde kidogo, akajaza, akapiga rangi, akalipwa. Nami nilikuwa nimeunakili uongo wake kwa uaminifu wa wiki sita. Sikuweza hata kumlaani. Kazi ile niliijua kama sahihi yangu.

Desemba nikarudi nyumbani. Kwa jirani yetu mjane kulikuwa na pikapu ya 404 chini ya mwembe, imekaa hapo tangu mumewe aache kubebea watu na maembe. Pua yake ni ile ile ya salooni. Rangi ilikuwa imekwisha, lakini sumaku ilishika kila mahali nilipoibandika. Hakukuwa na fila wala kidonda, ila bati la kiwandani lililohifadhiwa na ukame wetu.

Nikamwomba aniuzie madigadi. "Hiyo si vyuma, mwanangu," akasema. "Hiyo ni gari ya baba yenu."

"Basi mwaitu, nipime tu?"

"Pima. Lakini ndani kuku amelalia. Ngoja aangue."

Kuku huatamia siku 21, na yule alikuwa siku ya tano. Nilingoja siku 16. Nilipima nje kwanza, nikachonga mukau pale pale uani, na vifaranga walipotoka nikaingia na tochi kupima ndani. Madigadi mbili, ya kushoto na ya kulia, nilizipigia Kasikeu. Nilipozifunga kwenye gari la mteja, mlango ulifunga kwa mlio mmoja.

Ngong Road, hakimu wa mashindano alipitisha kiganja juu ya madigadi, hakusema neno, akaenda kwenye taa. Sifa ya kazi yetu ndiyo hiyo. Baadaye mtu alimuuliza mteja wangu bodi ilitoka wapi. "Kasikeu," akajibu. Yule akaitikia kwa kichwa, akauliza kama ni Ufaransa ya kusini.

Sasa nafanyia kazi nyumbani. Gogo lile la mukau limening'inia ukutani, na bado linatumika. Ndani ya kila kipande, mahali taa inapofunika, nagonga nukta tatu na mwaka. Watu hudhani ni majivuno. Naziweka kwa ajili ya fundi atakayekuja na kadibodi yake akitaka kunakili. Nikiwa nimekosea mahali, ajue niliyekosea ni mimi, si kiwanda.