Masalio

Mama hupima mkaa kwa mkebe wa rangi. Hajui kilowati wala kalori, lakini ukimuuliza mkebe mmoja unaivisha nini atakujibu bila kusita: sufuria kubwa ya githeri, chapati 40, na maji ya chai ya makanga wa jioni. Kwenye jiko alilolianzia biashara, lile la bati tupu, mkebe huohuo uliishia kwenye githeri. Mikono ni ileile, sufuria ni zilezile, kibanda ni kilekile kando ya steji. Kilichobadilika ni kikombe cha udongo kilichowekwa ndani ya bati. Tofauti hiyo, kwa hesabu yake, ndiyo iliyonilipia karo ya kidato cha tatu na cha nne.

Chuo kikuu nilikuta tofauti hiyo ina jina. Mwaka 1957 mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, alichapisha makala yenye swali la kawaida kabisa. Kati ya 1909 na 1949 pato la Mmarekani kwa kila saa ya kazi lilikuwa limeongezeka maradufu; je, ni kwa sababu alipewa mashine nyingi zaidi? Alipopiga hesabu, mitaji ilieleza sehemu moja tu kati ya nane. Sehemu saba zilizobaki hazikuwa na mwenyewe, akaziita badiliko la kiufundi. Siku hizi huitwa masalio ya Solow, na mwenzake Moses Abramovitz alikuwa ameshasema kwamba masalio ya namna hiyo hupima yale tusiyoyajua. Darasani tuliyaandika kwa herufi A, mbele ya mtaji na nguvu kazi. Kila nilipoiona ile A niliona kikombe cha udongo.

Mhadhiri wetu alikuwa na maelezo mafupi. A hutoka kwenye utafiti, utafiti hugharimu, na hakuna atakayegharimia kitu ambacho jirani atakiiga kesho bure. Ndiyo maana kuna hataza. Serikali humwambia mvumbuzi: tuonyeshe wazi unavyokifanya kitu chako, nasi tutawazuia wengine wasikitengeneze, kwa Kenya miaka 20, baada ya hapo ni cha wote. Ni mapatano ya busara. Nikaenda kutafuta hataza ya jiko la Mama.

Haipo. Jiko hilo lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazo la kikombe cha udongo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Wataalamu, wapishi waliolijaribu na mafundi wa jua kali walilibadilisha hadi likapata kile kiuno chembamba tunachokijua, juu pana, chini pana, lisipinduke mtu akisonga ugali. Hakuna aliyelichukulia hataza. Fedha za utafiti zilikuwa za wafadhili na za serikali, na mafundi walifundishwa ili watengeneze na kuuza wenyewe. Vipimo vilitaja akiba ya mkaa ya kati ya asilimia 30 na 50. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa katika laki kadhaa za nyumba nchini, na lilikuwa limeshavuka mipaka hadi kwa majirani, kila mahali likipunguzwa hiki na kuongezwa kile.

Lilivuka na maradhi yake pia. Kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuliiga, waliliiga hata wasiojua kuchoma udongo. Mama amewahi kununua moja likapasuka wiki ya pili, na hapakuwa na wa kumshtaki kwa sababu halikuwa na jina la mtu.

Kisa kinachonikaa zaidi kichwani, hata hivyo, ni cha mbali: Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Migodi ya shaba ya huko ilijaa maji, na injini za mvuke ndizo zilizoyapampu. Makaa ya mawe hayakupatikana huko. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales, kwa hiyo kila busheli ilihesabiwa. James Watt alipata hataza mwaka 1769 kwa chombo kinachopoza mvuke kando ya silinda badala ya ndani yake, na mwaka 1775 Bunge likamrefushia hadi mwaka 1800. Yeye na mshirika wake, Matthew Boulton, hawakuuza injini kama mtu anavyouza sufuria. Walidai theluthi ya thamani ya makaa ambayo mgodi uliyaokoa. Mwanzoni wenye migodi walifurahi. Kisha wakachoka kulipa. Na waliotaka kujenga injini zao zenye maarifa ya ziada, kina Jonathan Hornblower na Edward Bull, waliishia mahakamani.

Hataza ikaisha. Mwaka 1811 meneja mmoja wa migodi, Joel Lean, akaanza kutoa ripoti ya kila mwezi: injini ya mgodi fulani imeinua ratili ngapi za maji kwa kimo cha futi moja, kwa kila busheli ya makaa. Kila mhandisi akawa anaiona kazi ya mwenzake, na mwenye mgodi akawa anajua nani wa kumwita. Richard Trevithick alijenga injini ya mvuke wa shinikizo kubwa mwaka 1812 na hakuichukulia hataza. Katika miaka kama 30, kazi iliyopatikana kwa busheli ileile iliongezeka takriban mara tatu. Niliposoma habari za Lean nilicheka peke yangu maktabani. Ule ulikuwa mkebe wa Mama, umechapishwa na kusambazwa mgodi kwa mgodi.

Simwiti Watt mwizi. Boulton alizika fedha nyingi kabla ya kuona faida, na bila miaka ile ya ziada pengine asingezizika. Ninachosema ni kwamba kuna wakati ambapo kitu kimeshabuniwa, kimeshalipiwa, na bado kimefungwa.

Haya yote yalikuwa rahisi kwangu mpaka yalipofika kwa Mjomba. Yeye ni fundi bati Kamukunji, mahali ambapo huwezi kuongea bila kupaza sauti kwa ajili ya nyundo. Miaka mitatu iliyopita alitengeneza kalibu kwa rimu ya lori na vipande vya reli. Unaweka bati, unakandamiza wenzo, ukingo wa jiko unajikunja mara moja badala ya kupigwa nyundo kuzunguka pande zote. Alikuwa anatoa maganda 14 ya majiko kwa siku, akafika 30. Kwa muda mfupi alikuwa tajiri wa kichochoro kile. Baada ya miezi miwili vibanda vitano vilikuwa na kalibu kama yake, na bei ya ganda ikashuka hadi akawa anauza 30 kwa fedha aliyokuwa akipata kwa 18.

Alinipigia simu: "Mwanangu, wewe umesoma. Hiyo karatasi ya serikali naipataje?" Tulikaa tukahesabu ada, wakili, miezi ya kusubiri. Nikamweleza kwamba uvumbuzi lazima uwe mpya duniani, hautoshi kuwa mpya Kamukunji. Kisha likaja swali gumu kuliko yote: angemshtaki nani? Jirani anayemwazima mkasi wa bati?

Nilimsomea pia hesabu ya William Nordhaus, ambaye mwaka 2004 alikadiria kwamba nchini Marekani, kati ya 1948 na 2001, wavumbuzi walibaki na kama asilimia 2 tu ya thamani ya walichokibuni. Karibu yote iliyobaki iliwafikia wanunuzi. Yaani wapishi kama Mama.

"Basi hizo mbili ndizo nilizokosa," Mjomba akasema.

Sikuwa na jibu, na hesabu za darasani hazina mahali pa kuliandika hilo. Kalibu ilipovuja, tija ya kichochoro kizima ilipanda, na mimi ningeipigia makofi kwenye karatasi ya mtihani. Aliyeibuni alirudi kwenye mapato karibu yaleyale, kwa jasho lilelile.

Sasa ana kitu kingine. Hakifanyii Kamukunji, anakifanyia nyumbani, usiku, nacho hushinda kimefunikwa gunia. Nahisi ni cha kukunjia mlango wa hewa, kwa sababu nimeona vipande vilivyoharibika kwenye taka zake. Mhadhiri aliitaja njia hii kwa sentensi moja tu: siri. Haina ada, haina wakili, haina mwisho wa miaka 20. Haina Lean pia. Asubuhi Mjomba hubeba kazi yake kwenye mfuko wa saruji, na majirani wakimuuliza amevikunjaje huwaambia ni mkono tu.

Juzi nilimwomba anifunulie lile gunia.

"Si wewe ndiye unayeandika?" aliniuliza, akanimiminia chai.