Kitalu cha Nyanya Nyuma ya Kota: Safari ya Kasese na Bwera

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese huvuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, na karibu na njia panda ya Kikorongo hukata mstari wa Ikweta. Joto la mahali hapo si la mchezo. Mawingu yakikubali kufunguka, mbele yake huonekana milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109 na hata leo kina barafu, ingawa barafu hiyo yapungua mwaka hadi mwaka. Basi, barafu iko juu, jasho liko chini, na katikati wako watu watafutao mboga ya jioni.

Mimi nilikwenda huko kumtazama dada yangu, ambaye mumewe ni sajini wa polisi. Bustani zake nimeziona mbili: ya kwanza Kasese, ya pili Bwera. Ya kwanza ilikufa, na kufa kwake ndiko kulikoizaa ya pili.

Kasese ni mji uliozaliwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya machimbo ya Kilembe, yaliyo bondeni, mwendo mfupi kutoka mjini. Uchimbaji wa shaba ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki ya machimbo hayakwenda popote. Kati ya Kilembe na mji unapita mto Nyamwamba, na mto huo ukikasirika haubishi hodi. Ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukabeba nyumba, madaraja na mawe makubwa kama magari. Bustani ya dada ilikuwa ukingoni, nayo ikaenda na maji.

Maji yalipopungua yaliacha tope nene. Sisi tuliosoma habari za mto Nile tangu shule ya msingi twajua kwamba tope la mafuriko ni mbolea, naye dada aliamini hivyo hivyo. Alilichota kwa karai, akajaza matuta mapya, akapanda sukuma na nyanya. Miche ikageuka manjano, ikadumaa. Bwana shamba aliyeitwa kuitazama alimwambia kwamba mto ule hupita katika malundo ya mabaki ya machimbo, yenye shaba, kobalti na madini mengine, na kwamba tope lake halifai kupandwa chakula. Kibaya zaidi, alisema, ni kwamba mboga nyingine huota humo na kupendeza macho huku zimebeba madini yasiyoonekana. Atakaye ushahidi na aulize habari za lile lundo la kale la mabaki ya shaba pale Kasese: maji ya mvua yaliyotiririka kutoka humo kuelekea mbugani yaliua majani njiani, pakabaki ardhi tupu kwa miaka mingi.

Dada alilia siku ile. Watoto walikuwa wamekwisha kula sukuma ya tuta moja.

Mwaka 2021 shemeji alihamishiwa Bwera. Kutoka Kasese unarudi kusini hadi Kikorongo, kisha unashika njia ya magharibi; ziwa la chumvi la Katwe linabaki upande wa kushoto, unapita Kinyamaseke na Kisinga, na ardhi inaanza kupanda na kuwa ya kijani. Mbele ya Bwera ni Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi ya Kongo. Kiswahili hapo hakihitaji kufundishwa na mtu. Akina mama wa sokoni huvuka nacho mpaka kila siku pamoja na vitunguu, maharage na vitenge.

Mwanzoni dada alikodi shamba mbali kidogo na mji. Kisha ukaja usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliposhambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Shemeji akawa haonekani nyumbani kwa majuma, naye dada hakutaka tena kuwaacha watoto alfajiri kwenda shamba la mbali. "Kaka," aliniambia, "nataka bustani ninayoweza kuilinda nikiwa jikoni." Nyuma ya kota palikuwa na kiwanja cha hatua nne kwa saba. Fedha hazikuwapo. Ndipo ulipoanza ujenzi wa kitalu kwa vitu vilivyotupwa.

Nguzo zilikuwa za mkaratusi, masalio ya jukwaa la mafundi. Ncha za kuzikwa alizichoma motoni mpaka zikawa nyeusi, ili mchwa wasizipende. Jirani alishauri zipakwe mafuta machafu ya gari, lakini dada, aliyekwisha kuungua mara moja kwa habari ya udongo, alikataa. Mabati makuukuu yalizunguka chini kuzuia kuku. Kamba zilikuwa vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli, na vizibo vya soda vilitiwa chini ya misumari ili nailoni isichanike. Pipa lilipatikana kwa muuza mafuta ya kula. Hapa nakusihi, ndugu msomaji: usichukue pipa kabla ya kuuliza lilibeba nini, na ukikuta vipande vya paa la asbesto katika majengo ya kale, usivikate kwa msumeno wala kuvileta nyumbani, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu.

Kosa la kwanza alilifanya shemeji, aliyerudi kwa likizo ya siku tatu. Yeye alifunika banda lote kwa nailoni, juu na ubavuni, kama alivyoona katika picha za Ulaya. Kule wenzetu hutafuta joto. Sisi wa Ikweta tunalo la kugawa. Kufikia saa nane mchana mtu asingeweza kusimama ndani. Joto likipita nyuzi 35 maua ya nyanya hupukutika, na yale yakapukutika yote. Dada akabomoa kuta, akaacha nailoni juu tu, ili mvua isirushe matone ya udongo kwenye majani na kuleta ukungu. Upande mmoja wa paa akauinua kuliko mwingine, hewa ya moto ipate mlango. Ubavuni akashona vyandarua vilivyochakaa. Nasema vilivyochakaa: chandarua kizima mahali pake ni juu ya kitanda cha mtoto, kwani malaria haijahama bonde lile.

Lakini chandarua hupunguza upepo, na ua la nyanya, ijapokuwa hujichavusha lenyewe, lataka kutikiswa. Kwa hiyo kila asubuhi mtoto wa pili hupita na kijiti akigongagonga kamba za katani zilizoshikilia mashina. Anaona fahari kazi hiyo kama mpiga ngoma wa gwaride.

Udongo je? Aliutoa kwenye mteremko wa juu, mbali na mto, akauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Hata hivyo mche mmoja ulinyauka ghafla ukiwa bado kijani. Dada alikata kipande cha shina, akakining'iniza katika glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukateremka kutoka kwenye mkato. Hiyo ndiyo alama ya mnyauko wa bakteria, ambao hauna dawa. Aling'oa mche na udongo wake, akauondoa mbali kabisa, na mahali pale akapanda vitunguu. Bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa nyanya na wangeugua vile vile.

Nilipomtembelea mara ya mwisho tulikula nyanya hizo pamoja na samaki wa ziwa Edward, na nyingine zilikuwa zimekwisha kwenda sokoni Mpondwe kulipa madaftari ya shule. Nailoni ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka, kwa kuwa ilikuwa ile ya kawaida isiyovumilia jua, atanunua nyingine.

Jioni shemeji alinionyesha jambo ambalo mimi, nisiye askari, nisingelifikiri. Kila nguzo ilikuwa na namba ya rangi nyeupe, na viungo vyote vya nguzo vilifungwa kwa mpira tu. "Shemeji," alisema, "amri ya uhamisho haingoji nyanya ziive. Ikija, banda hili linafunguliwa asubuhi moja na kupakiwa lorini pamoja na vitanda."

Nilihesabu namba hizo. Zilikuwa kumi na sita.